Vimeng'enya na Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kwenye Dirisha la Maabara, Kisumu

Nafanya kazi maabara. Watu huniletea damu, mkojo na vipande vya nyama vilivyolala kwenye fomalini, na pamoja na chupa huniletea maswali. Mengine ni ya wagonjwa, mengine ya wazazi waliotoka Siaya au Homa Bay na kulala kwenye benchi, na mengine ya vijana wa kidato cha nne wanaosomea mtihani wa bayolojia. Nimeyakusanya hapa. Yamepewa nambari ili nikisema "tazama swali la 7" usipotee.

## Mwanzo kabisa

1. Kimeng'enya ni nini?

Tafuna muhogo uliochemshwa, usiumeze upesi. Baada ya muda utaanza kuwa mtamu. Hukutia sukari. Mate yako yana kimeng'enya kinachokatakata wanga kuwa sukari. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi moja maalumu ndani ya mwili, na kazi ikiisha yenyewe inabaki ilivyokuwa, tayari kwa kazi nyingine. Wako wanaokiita enzaimu. Ni kitu kilekile.

2. Kudhibiti jeni maana yake nini?

Seli ya ini na seli ya ngozi yako zina jeni zilezile, kama 20,000 hivi. Tofauti yao ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa.

Aliyefika mashamba ya mpunga ya Ahero ameona jambo hili kwa macho. Maji ya mto Nyando hupandishwa kwa pampu, huingia kwenye mfereji mkubwa, kisha yakagawanywa kwenye mifereji midogo yenye vilango. Maji ni yaleyale. Shamba gani linapata, lini, na kiasi gani, hayo yote yanategemea kilango. Kila jeni nayo ina kilango chake, kipande cha DNA (uzi wenye maandishi ya jeni) kilichotangulia mbele yake, kinachoitwa promota. Protini maalumu huja kukaa pale na kuamuru: soma, usisome, soma kidogo. Jeni ikisomwa hutolewa nakala, nakala hupelekwa kutengeneza protini, na mara nyingi protini hiyo ni kimeng'enya.

3. Kwa hiyo kwenye saratani vimeng'enya ndivyo vilivyoharibika?

Mara nyingi, la. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata walimu.

Ukichukua kimeng'enya kutoka kwenye uvimbe ukakilinganisha na kile cha seli nzima, mara nyingi utakuta ni kimoja, hakuna herufi ya jeni yake iliyobadilika. Kilichobadilika ni wingi wake, wakati wake, na mahali pake. Mpunga haujaharibika, ila kilango kimekwama wazi na shamba limegeuka ziwa. Au kimekwama kimefungwa na shamba la jirani limekauka.

Zipo tofauti za kweli. Kimeng'enya kiitwacho IDH1, katika baadhi ya saratani za ubongo na za damu, huwa kimebadilika chenyewe na huanza kutoa kemikali ambayo seli nzima karibu haina kabisa. Na ajabu ni kwamba madhara ya kemikali hiyo yanarudi palepale kwenye vilango: huvizuia vimeng'enya vinavyoondoa methili kwenye DNA, na jeni nyingi zikajikuta zimefungwa (tazama swali la 5).

## Vilango vinavyoharibika

4. Kilango kinaharibikaje?

Kwa njia nyingi, na uvimbe mmoja unaweza kuwa na kadhaa kwa pamoja.

Wakati mwingine herufi moja tu ya promota hubadilika (swali la 6). Wakati mwingine kromosomu mbili hukatika na kuungana vibaya, jeni ikajikuta nyuma ya kilango kisicho chake (swali la 10). Wakati mwingine jeni yenyewe hurudufiwa. Badala ya nakala mbili za kawaida, seli inakuwa na kumi, ishirini au zaidi. Ndivyo ilivyo kwa HER2, kipokezi chenye kazi ya kimeng'enya, katika takriban saratani 15 hadi 20 kwa kila 100 za matiti.

Iko pia njia ya mjumbe asiyekufa. Protini inayofungua kilango hutakiwa ivunjwe kazi ikiisha. Katika saratani nyingi za figo, protini ya kuivunja, iitwayo VHL, imepotea. Mjumbe anaendelea kubisha hodi usiku kucha.

Na virusi wapo. Kirusi cha HPV, chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, huleta protini zake mbili zinazowaondoa walinzi wakuu wa seli. Ndiyo maana tangu 2019 wasichana wa miaka 10 nchini wamekuwa wakichanjwa, kabla kirusi hakijapata nafasi.

5. Methili ni nini, na inafungaje jeni?

Methili ni kijipande kidogo cha kaboni na haidrojeni kinachobandikwa juu ya DNA. Hakibadilishi herufi. Ni kama kufuli: kitabu kipo na maandishi yapo, lakini hakifunguki. Seli nzima hutumia kufuli hizi kwa busara, kwa mfano kunyamazisha jeni za ini ndani ya seli ya ubongo.

Seli ya saratani huziweka pasipofaa. Mfano ninaoupenda ni MGMT, kimeng'enya cha fundi anayerekebisha DNA iliyochubuka. Katika baadhi ya saratani za ubongo promota ya MGMT hupigwa kufuli. Lakini fundi huyohuyo ndiye anayetibua kazi ya dawa ya temozolomaidi, kwa sababu dawa huchubua DNA naye anakarabati. Kwa hiyo mgonjwa ambaye MGMT yake imefungwa hunufaika zaidi na dawa hiyo. Kosa la uvimbe likawa faida ya mgonjwa.

6. Nasikia seli za saratani hazizeeki. Ni kimeng'enya pia?

Ndiyo, kinaitwa telomerasi. Ncha za kromosomu hupungua kila seli inapogawanyika, kama ncha ya kamba ya viatu iliyopoteza kifuniko. Telomerasi hurefusha ncha hizo. Katika seli nyingi za mtu mzima jeni yake imefungwa, lakini katika saratani 85 hadi 90 kwa kila 100 imefunguliwa tena.

Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba katika saratani nyingi za ngozi aina ya melanoma, kinachoifungua ni badiliko la herufi moja kwenye promota. Kimeng'enya hakikuguswa kabisa.

## Sukari

7. Kwa nini seli ya saratani inakula sukari nyingi?

Aliyeliona jambo hili kwanza ni Mjerumani Otto Warburg, miaka ya 1920. Vipande vya uvimbe vilikuwa vikimeza glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, ile inayochachusha maziwa ya mala, hata pale oksijeni ilipokuwa tele. Seli ya kawaida hufanya hivyo ikikosa hewa, kama misuli ya mtu anayekimbiza matatu.

Ukihesabu nishati, ni hasara tupu. Glukosi moja kwa njia hii fupi hutoa ATP 2 (ATP ni kama sarafu ya nishati ya seli). Ikichomwa vizuri na oksijeni hutoa kama 30. Warburg alidhani injini ya oksijeni imevunjika. Leo tunajua kwamba katika saratani nyingi injini ni nzima. Seli inayogawanyika mbio haitafuti nishati peke yake, inataka pia malighafi ya kujengea DNA, protini na mafuta ya utando, na ile njia fupi ina vichochoro vingi vya kupatia malighafi hizo.

Anayefungua vilango vya njia hiyo mara nyingi ni protini iitwayo HIF. Kwa kawaida HIF huishi dakika chache tu. Vimeng'enya vinavyohisi oksijeni huiwekea alama, VHL huiona alama, nayo huvunjwa. Oksijeni ikipungua haiwekewi alama, basi inaingia kwenye kiini na kufungua jeni za vimeng'enya vya kuchoma sukari haraka, milango ya kuingizia glukosi, na hata mwito wa kujengewa mishipa mipya ya damu. Kwa kazi hii William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Katikati ya uvimbe oksijeni ni haba, kwa hiyo HIF ina kazi. Na pale VHL ilipopotea, HIF hufanya kazi hata hewa ikiwa tele.

8. Kuna kimeng'enya kinachobadilishwa kwa kingine?

Kipo, ndani ya ini. Hatua ya kwanza ya kutumia glukosi ni kuibandika fosfeti ili isitoroke seli. Seli nzima ya ini hutumia kimeng'enya cha pole, glukokinasi, ambacho hungoja sukari iwe nyingi ndipo kishike kazi. Kina adabu ya mwenye nyumba anayewaachia wageni wale kwanza. Seli ikigeuka saratani, jeni hiyo hufungwa na badala yake hufunguliwa ya heksokinasi 2, yenye pupa, inayonyakua glukosi hata ikiwa kidogo. Zote mbili ni jeni halali za binadamu. Zamu tu ndiyo imegeuzwa.

Iko na hila nyingine: jeni moja kusomwa namna mbili. Piruveti kinasi ya misuli, kimeng'enya kingine cha njia ya sukari, ina sura ya M1 na ya M2, zote kutoka jeni ileile, tofauti ni kipande kipi cha nakala kimeachwa wakati wa kuunganisha. Seli za uvimbe hupendelea M2.

9. Basi nikiacha sukari, uvimbe utakufa njaa?

Hapana, na swali hili limewaumiza watu. Nimewaona wagonjwa waliokwisha kukonda wakinyimwa uji na familia inayowapenda. Ukiacha kula sukari, ini lako litaitengeneza kutoka kwenye protini za misuli yako, kwa sababu ubongo na damu lazima zipate. Uvimbe utaendelea kuchukua fungu lake, nawe utazidi kudhoofika, pengine hata dawa iahirishwe. Soda tatu kwa siku hazimfai mtu yeyote, hilo ni kweli. Lakini ugali na samaki, kula.

## Uvimbe wa taya: Burkitt

10. Kwa nini Burkitt inaonekana sana kandokando ya ziwa?

Mtoto wa miaka sita hivi analetwa, shavu moja limevimba, meno ya upande huo yanacheza. Mama amekwenda kwa daktari wa meno, jino limeng'olewa, na uvimbe umekua maradufu ndani ya wiki chache. Wauguzi wa huku wanaijua sura hiyo kutoka mlangoni.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliueleza ugonjwa huu, aina ya limfoma (saratani ya seli nyeupe za damu), mwaka 1958, na baadaye ikaonekana kwamba unafuata ramani ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ndani ya seli zake, kinachoitwa leo Epstein-Barr. Kirusi hicho huku kwetu watoto wengi hukipata kabla hata ya kuanza shule, na wengi mno hakiwafanyi lolote.

Ndani ya seli yenyewe kosa ni la kilango. Jeni ya MYC iko kwenye kromosomu ya 8. Katika Burkitt kipande chake hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, palepale penye jeni za kingamwili. Seli hii ni seli B, kiwanda cha kingamwili, kwa hiyo kilango cha pale huwa wazi mchana na usiku. MYC ikahamia nyumba ambayo mlango wake haufungwi.

11. Malaria inaingiaje hapo?

Kupitia kimeng'enya. Seli B zina kimeng'enya kinachochubua jeni za kingamwili kwa makusudi, ili zibadilike na kupata kingamwili bora zaidi. Kifupi chake ni AID. (Haihusiani na ukimwi. Nimelazimika kulisema hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka.) Ni kisu kikali, kwa hiyo jeni yake hufunguliwa kwa muda mfupi tu, ndani ya tezi, wakati wa vita.

Mtoto anayeugua malaria tena na tena ana seli B zilizo vitani karibu kila wakati. Utafiti umeonyesha kwamba vimelea vya malaria huipandisha AID, na kisu kinachotembea muda mrefu hatimaye hukata pasipotakiwa, pamoja na kwenye MYC. Kirusi nacho husaidia seli iliyokatwa isife, ilhali ilipaswa kufa.

12. MYC ikifunguka, vimeng'enya gani hufuata?

Vingi. MYC yenyewe si kimeng'enya. Ni protini ya kufungua vilango vya wengine. Hufungua laktati dihaidrojenasi, ile LDH ya swali la 13, huongeza kazi ya kimeng'enya kinachovunja glutamini (kijenzi kimoja cha protini), na pia vile vinavyotengeneza herufi za DNA. Ndiyo sababu Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha. Idadi ya seli zake inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa vizuri, kwa sababu dawa nyingi za kemo huziua seli zinazogawanyika. Usikawie.

## Vipimo

13. Kwa nini wanapima LDH, na ikiwa juu ni saratani?

Seli zenye LDH nyingi zikifa huimwaga kwenye damu. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana Burkitt au limfoma nyingine, LDH ya juu huashiria uvimbe mwingi, na ikishuka baada ya dawa tunafurahi. Lakini LDH peke yake haithibitishi saratani. Malaria kali huipandisha, ini likiugua hupanda, misuli ikiumia hupanda.

Hata safari inaipandisha. Nilipokuwa mgeni kazini, mahali nisipopataja, niliandika LDH ya juu mno kwa mama mmoja, na familia ikakesha ikilia. Asubuhi msimamizi wangu aliichukua ile chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikiganda, inatakiwa iwe ya manjano hafifu, kama chai ya rangi isiyokolea. Ile ilikuwa nyekundu ya sharubati. Damu ilikuwa imesafiri kwa bodaboda juani, ikatikiswa, seli nyekundu zikapasuka, na LDH yao ikamwagika mle ndani. Tulitoa damu upya na majibu yakawa ya kawaida. Tangu siku hiyo huwa naangalia rangi kabla ya kuangalia nambari. Nawe ukipewa LDH ya juu isiyoeleweka, uliza kama sampuli ilikuwa nzuri.

14. Ile picha ya PET ya Nairobi inafanyaje kazi?

Inategemea ile heksokinasi ya swali la 8. Unadungwa glukosi iliyotiwa mionzi kidogo. Seli zenye pupa huiingiza, huibandika fosfeti, kisha haiwezi kutoka wala kuendelea mbele. Kamera inaona ilikojikusanya. Ubongo na kibofu pia hung'aa, usishtuke.

## Dawa

15. Kuna dawa zinazolenga vimeng'enya hivi?

Zipo, na baadhi ni za siku nyingi.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) iliyozaliwa na kuungana kwa kromosomu za 9 na 22 katika aina moja ya saratani ya damu. Kilikuwa kimeng'enya cha kawaida chenye breki. Kuungana kukaing'oa breki.

Kwa saratani ya matiti kuna anastrozoli na letrozoli. Hizi huzuia aromatasi, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni. Jeni ya aromatasi ina promota kadhaa, kila kiungo na yake. Katika mafuta ya titi la kawaida hutumika promota dhaifu, lakini karibu na uvimbe seli hubadilisha na kutumia nyingine zenye nguvu, estrojeni ikapanda palepale uvimbe unapoihitaji. Dawa hizi huwafaa hasa wanawake waliokoma hedhi.

Ninayoistaajabia zaidi ni asparajinasi, kwa sababu dawa yenyewe ni kimeng'enya, kutoka kwa bakteria. Seli za baadhi ya saratani za damu za watoto zina asparajini sinthetasi kidogo mno, hivyo haziwezi kujitengenezea asparajini, kijenzi kimoja cha protini, ya kutosha. Zinategemea ile iliyo kwenye damu. Dawa huimaliza kwenye damu, seli nzima zinajitengenezea yao, zile za saratani zinakwama.

16. Dawa ilifanya kazi vizuri, kisha ikaacha. Kwa nini?

Seli zilizobaki zimerekebisha vilango. Methotreksati, dawa ya kemo, huzuia kimeng'enya kinachoitwa DHFR. Mwaka 1978 Robert Schimke na wenzake walionyesha kwamba seli sugu zilikuwa zimerudufu jeni ya DHFR mara nyingi sana. Dawa ikawa kama polisi mmoja kwenye soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Hii ndiyo sababu daktari huchanganya dawa kadhaa, na ndiyo sababu kuruka mzunguko kwa vile umejisikia nafuu ni hatari.

17. Natumia dawa za TB. Zinagongana na za saratani?

Zinaweza, na ni udhibiti wa jeni tena, safari hii kwenye ini lako zima. Rifampisini huamsha protini inayofungua jeni ya CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi. Kikiwa kingi, imatinibu hushuka sana kwenye damu hata ukiimeza kwa saa kamili. Baadhi ya dawa za ARV, kama efavirenzi, nazo hufanya hivyo. Juisi ya balungi hufanya kinyume: huzuia CYP3A4 ya utumbo, na dawa ikapanda kupita kiasi. Mwambie daktari kila unachomeza. Usifiche ARV. Tunaelewa aibu, lakini ini halielewi.

18. Mtoto ana Burkitt, mbona anapewa dawa ya gauti na maji mengi hivyo?

Kemo ikianza, seli hufa kwa mamilioni kwa mkupuo mmoja. DNA yao huvunjwa, na kimeng'enya cha mwili, zanthini oksidasi, huigeuza kuwa asidi ya yuriki inayoweza kuziba figo. Alopurinoli hukizuia, maji huzisafisha figo. Ipo dawa nyingine ya nguvu, rasburikasi, lakini ni marufuku kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, hali ambayo kwenye maeneo ya malaria kama yetu si nadra.

## Maswali ya pembeni

19. Mabadiliko haya yanarithiwa?

Mengi hayarithiwi. Yametokea ndani ya seli moja baada ya mtu kuzaliwa. Burkitt ya mtoto wako haikutoka kwako wala kwa mkweo. Zipo familia chache zenye jeni kama BRCA1 au VHL iliyoharibika tangu kuzaliwa. Ndugu wa karibu wawili watatu wakiugua saratani ileile wakiwa bado vijana, sema kliniki.

20. Nimeuziwa mizizi "inayozima vimeng'enya vya saratani".

Vitu vingi huzima vimeng'enya kwenye bomba la kioo, hata sabuni. Swali ni kama inazima hicho kimoja bila kulizima ini lako. Na ikiwa inagusa CYP3A4, rudi swali la 17.

21. Ripoti yangu haina neno "jeni" hata moja. Walisahau kupima?

Huenda ipo kwa jina jingine. Kwenye ripoti ya titi tafuta ER, PR na HER2. ER ni protini inayokaa kwenye vilango vya jeni ikiitikia estrojeni, PR ni mwenzake anayeitikia projesteroni, na HER2 ni ile ya swali la 4. Ukiona HER2 imeandikwa 2+, hilo ni jibu la katikati, na linahitaji kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni. Uliza kama kimeombwa, na uliza kipande chako cha nyama kimehifadhiwa wapi, maana kipimo hicho hufanywa juu ya kipande kilekile nawe hutahitaji kukatwa upya ikiwa kimetunzwa vizuri.